Nauza sigara moja moja Mbagala: haya ndiyo ninayoyaona vijana wakianza kuvuta

MangiWaRangiTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina duka la rejareja huku Mbagala, lile la dirisha la nondo na wavu. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, vocha na sigara. Mwenyewe sivuti. Kila mada ya vijana na sigara ikiletwa humu majibu huwa yale yale: utandawazi, malezi, nyimbo, "kizazi hiki kimeoza". Leo naomba niseme jambo hili linavyoonekana ukiwa umesimama upande wa ndani wa dirisha.

Naanza na kutumwa, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto wa miaka saba, minane, anakuja na buku limekunjwa kwenye kiganja: "Mangi, baba kasema nyanya za mia tano na sigara mbili." Aina anaijua. Nikimpa nyingine anaikataa, kwa sababu anajua akikosea atarudishwa na kibao juu. Wapo wazazi wanaomwambia aiwashe hapa hapa dukani, kwenye kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba, kwa vile nyumbani kiberiti kimeisha. Sasa sigara haishiki moto kwa kuikodolea macho. Lazima uivute. Kwa hiyo pafu la kwanza la mtoto huyo limevutwa kwa amri ya baba yake, tena kwa utii kabisa. Akifika miaka kumi na tano akakutwa na kipisi mfukoni, kinaitishwa kikao cha ukoo kuuliza kajifunzia wapi!

Halafu kuna hii biashara ya moja moja. Pakiti ina sigara ishirini. Mwanafunzi wa sekondari hela ya pakiti hana, ila mia mbili au mia tatu ya chenji ya nauli haimkosi. Mimi nikiuza pakiti nzima faida ni kiduchu, nikiifungua nikauza punje punje inaongezeka. Hapo mimi na mwanafunzi tumeelewana bila kikao. Na pakiti yenyewe haigusi. Yale maandishi ya onyo yanabaki kwenye rafu yangu nayasoma mimi nisiyevuta, yeye anapokea kijiti kimoja kupitia wavu na kuondoka.

Nisogee kidogo kwenye ushuru, maana watu wengi humu wanaamini ukipandisha kodi vijana wataacha. Nakubali kwamba bei inamkaba kijana kuliko inavyomkaba mzee mwenye mshahara. Lakini angalieni inavyofika kwangu. Bajeti ya Juni ikisomwa, tuseme pakiti imepanda mia mbili. Ukigawa kwa ishirini ni shilingi kumi kwa kila sigara. Nani ana sarafu ya kumi mtaani leo? Ama naimeza mimi, ama naisubiri bajeti nyingine ndipo niruke na hamsini. Mnunuzi wa moja moja anaweza kupitisha bajeti nzima asijue kama kuna kilichopanda.

La tatu ni kijiwe, na hapa nina ubishi na wanaosema "shinikizo la marika" kana kwamba kuna mtu anamshikia mwenzake kisu. Sijawahi kuona anayelazimishwa. Wanachanga, wananunua moja, inazunguka. Mgeni wa kijiwe anapewa pafu kama anavyopewa nafasi ya kukaa kwenye benchi. Hakuna anayemwambia vuta. Ila kesho yake anajua ni zamu yake kuchangia, na kesho kutwa anakuja dukani peke yake. Ukitaka kumtoa hapo inabidi umpe benchi lingine, na mtaani kwetu benchi lingine ni la kubeti.

Sheria ipo. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Tangu nifungue wamekuja watu wa leseni, wa taka, wa mizani, wa kodi. Wa kuniuliza namuuzia nani sigara hajatokea.

Karibuni tujadili. Matusi pelekeni kwingine.

---

KondaMstaafu

Mkuu umeongea ukweli, ila umesahau tumbo.

Mimi nimepiga debe na ukonda tangu nikiwa kijana mdogo, ruti za Gongo la Mboto. Unaamka saa tisa usiku, gari linatoka saa kumi, chai utaipata saa nne kama abiria wakiwa wema. Sigara inakata njaa, hilo hakuna mganga atakayenibishia. Mia mbili ya sigara na mia tano ya vitumbua viwili na chai, wewe hesabu mwenyewe. Siku hizi nawaona bodaboda wa usiku wanafanya vile vile, na vijana wa saiti wanaobeba zege. Ukimuuliza atakwambia anavuta kwa sababu ya baridi, au mawazo. Ukweli hajala.

Kwa hiyo mtu akija na semina ya "vijana epukeni makundi mabaya", namuuliza, kundi lipi? Kundi la watu wanaofanya kazi saa kumi na sita?

---

ShangaziSafina

Wanaume mnaongea kama vile vijana wote ni wa kiume.

Kaka Mangi, mabinti hawaji dirishani kwako, na ni kwa sababu nzuri: binti akionekana anavuta sigara mtaani jina lake limeisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaingilia mlango mwingine. Shisha. Pale hakuna anayeita uvutaji, inaitwa "kutoka out". Ina harufu ya matofaa na mnanaa, ina taa za rangi, inapigwa picha. Julai 2016 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati huo, Paul Makonda, aliipiga marufuku na Waziri Mkuu Majaliwa akaunga mkono. Niambieni leo mkipita sehemu za starehe Ijumaa usiku hamzioni?

Na wanakudanganya kwamba maji yanachuja sumu. Hayachuji cha maana. Shirika la Afya Duniani lilishaeleza kwamba kikao cha saa moja cha shisha kinaweza kukuingizia moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, ukiacha ile gesi ya sumu, kaboni monoksidi, ya lile kaa lenyewe linalowekwa juu. Halafu mpira mmoja watu sita, wanabadilishana mate na vikohozi.

Mwanangu wa kike aliniambia, "Mama mimi sivuti, navuta shisha tu." Nikakaa chini kwanza.

---

Mwalimu_wa_Bweni

Nafundisha sekondari ya bweni, mkoa sitautaja.

Tukiwafundisha madhara tunawaambia saratani ya mapafu, moyo, kiharusi. Yote ni kweli. Lakini kwa mtoto wa kidato cha pili, ugonjwa wa mtu wa miaka sitini ni habari za babu. Anajua sigara inaua, imeandikwa. Anachoamini ni kwamba ataacha kabla haijafika zamu yake. Hapo ndipo anapoliwa, kwa sababu nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu tangu avute, na ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ishirini na tano hivi. Unaoanza kuzoeshwa ukiwa na kumi na nne unaizoea haraka kuliko wa mtu aliyeanza na thelathini.

Jambo ambalo nimeona linawashtua kidogo, nilisema tu darasani bila kupanga: harufu ya mdomo, meno, na kushindwa kumaliza mbio za mita 1500. Wavulana wa timu ya shule walinisikiliza kuliko siku zote za somo la baiolojia.

Bweni lina lake pia. Usiku ni mrefu, chakula ni maharage, na kidato cha nne ndio wafalme. Mdogo anatumwa na kaka mkubwa kuruka uzio kwenda kununua. Umeona? Kutumwa kule kule alikokusema Mangi. Na walimu wenzangu wawili watatu wanavutia nyuma ya stoo, wanafunzi wanaona. Siku nikimkamata mwanafunzi, ananiangalia tu usoni bila kusema neno, nami najua anachofikiria.

---

Mpenda_Takwimu

Tuweke namba mezani kabla hatujaanza kulia.

Utafiti wa kitaifa wa watu wazima wa mwaka 2018, kuanzia miaka 15 kwenda juu, ulikuta watumiaji wa tumbaku Tanzania ni asilimia 8.7. Wanaume 14.6, wanawake 3.2. Kama watu milioni 2.6. Ukilinganisha na nchi nyingi sisi ni wachache.

Sasa kwa mfanyabiashara, nchi ya vijana wengi na wavutaji wachache maana yake nini? Soko ambalo halijalimwa. Haya si maneno yangu ya kijiweni. Nyaraka za ndani za kampuni za sigara za Marekani zilizotolewa hadharani kutokana na kesi za miaka ya 90 zinasema wazi. Ya Philip Morris ya mwaka 1981 inamwita kijana wa leo mteja anayetarajiwa wa kesho. Ya R.J. Reynolds ya 1984 inasema wavutaji vijana ndio chanzo pekee cha kuziba pengo la wanaoondoka. Na wanaoondoka wanakwenda wapi, mnajua. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, lazima pengo lizibwe.

R.J. Reynolds si wageni kwetu. Kampuni yetu ya sigara ya Chang'ombe ilipobinafsishwa mwaka 1995 waliochukua ni wao, kisha 1999 biashara yao ya nje ya Marekani ikanunuliwa na Wajapani. Wakubwa wenzangu watakumbuka hata timu ya mpira ya Sigara. Tulikuwa watoto tunashangilia sigara uwanjani na hakuna aliyeona ajabu!

---

KondaMstaafu

@Mpenda_Takwimu umenikumbusha mbali. Sigara walikuwa wanapiga mpira bwana.

---

Mzenji_Asli

Mie niko Unguja. Huku nyote mnazungumza moshi, na huku kwetu mtoto wa skuli havuti. Anatia kuberi. Kijipakiti kidogo, tumbaku ya kusaga ya kutoka India, unaiweka ndani ya mdomo wa chini unakaa kimya. Mwalimu yuko mbele anafundisha, hakuna moshi, hakuna harufu ya kunukia nguo, na mama nyumbani hajui lolote mpaka ufizi uanze kuchubuka.

Na wazee wetu hawawezi kusema kitu, kwani bibi mwenyewe tambuu yake haina raha bila tumbaku. Huwezi kumkemea mjukuu na wewe shavu limefura.

---

BintiUrambo

Nimesoma uzi wote nikasubiri atajwe mkulima, naona bado.

Nimezaliwa Urambo, Tabora. Tumbaku kwetu ilianza kushika miaka ya 50, baada ya ule mradi wa karanga wa Waingereza kufa. Nimesomeshwa na tumbaku, siwezi kuitukana. Lakini watoto wa huko wanaigusa kabla hawajajua kusoma. Tunachuma majani asubuhi yana umande, tunafunga, tunapandisha kwenye bani, lile banda la kukaushia. Jani bichi lililolowa linapitisha nikotini kwenye ngozi. Unapata kizunguzungu, unatapika, usiku hulali, na wazazi wanasema ni malaria. Sigara ya dukani hatukuwa na haja nayo. Kaka zangu walisokota jani lenyewe kwenye karatasi ya daftari.

Sasa mtu wa Dar anaposema "tupige marufuku" nataka anijibu swali moja: msimu unaokuja mzee wangu ana mkopo wa mbolea kwenye chama cha msingi, apande nini ambacho kina mnunuzi wa uhakika? Kenya huko Migori naona wamejaribu kuwahamishia wakulima kwenye maharage, kwa kusaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mpango kama huo ukija Tabora na mnunuzi wake, wengi watauchangamkia, maana kazi ya tumbaku inaua mgongo.

---

MseeWaKayole

Salamu kutoka Nairobi. Mnatamani sheria ya kukataza moja moja? Sisi tunayo tangu 2007. Sigara hairuhusiwi kuuzwa nje ya pakiti, na pakiti lazima iwe na angalau kumi. Waganda nao wakakataza 2015, tena wao umri wameupeleka 21. Njoo sasa stage yoyote ya matatu hapa uulize moja. Utapewa pamoja na peremende ya kuondoa harufu, na kiberiti kiko kwa kamba kama tu hapo kwa Mangi.

Jambo lililosaidia kidogo kwa maoni yangu ni zile picha za kutisha kwa pakiti, tangu 2016. Lakini kama Mangi alivyosema, anayenunua moja haoni picha.

Na ngojeni mambo mapya. Mwaka 2019 kampuni ya sigara ya BAT walileta huku vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni, vikiitwa Lyft. Vijana wa chuo walivichukua haraka sana, hakuna moshi, kimkebe kinakaa mfukoni vizuri. 2020 waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akasema vilisajiliwa kinyume cha sheria. Vikatoka sokoni. Baadaye vikarudi vikiitwa Velo. Ladha ni mint na matunda, ati ni za kumsaidia mzee kuacha sigara. Mzee gani anataka ladha ya beri?

---

Mwalimu_wa_Bweni

@MseeWaKayole hilo la ladha ni kubwa kuliko linavyoonekana. Sigara ya kawaida mara ya kwanza ni adhabu: unakohoa, macho yanatoka machozi, wengine wanatapika. Hiyo ndiyo kinga aliyotupa Mungu. Mentholi, ile ladha ya mint, inapoza koo, ile adhabu haipo, mtoto anavuka mtihani wa kwanza kirahisi. Umoja wa Ulaya walizipiga marufuku sigara za mentholi Mei 2020. Huku kwetu ndizo "za kina dada" na "za wanaoanza". Watu wenyewe wameshazipa cheo.

---

dogo_mpole

Wakuu mimi nina 19, nimeanza nikiwa form three. Hapa nasoma uzi nimeshika moja.

Nimejaribu kuacha mara nyingi. Asubuhi naweza, tatizo ni jioni nikikaa na wana. Na arosto, ile hamu ya kuvuta, ikinishika nagombana hadi na mama. Kuna mtu ana njia ambayo si ya "mwombe Mungu"? Nilishaomba.

---

KondaMstaafu

@dogo_mpole sikia mdogo wangu. Siku tatu nne za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, unakuwa kama mbogo. Ukizivuka inashuka, baada ya wiki tatu hivi unaanza kulala vizuri. Mimi nilibeba karanga mfukoni, mkono ukitafuta sigara unakutana na karanga. Maji mengi. Na kijiwe nilikikimbia mwezi mzima, nikawa naenda kulala saa mbili usiku kama kuku. Wana walinicheka, ila walinipokea niliporudi. Hakuna ujanja mwingine niliouona.

Hiyo uliyoshika imalize, usinunue nyingine leo.

---

ShangaziSafina

@KondaMstaafu jamani, aimalize tena? Izime hiyo mwanangu.

---

Jicho_Pembeni

Mimi naona unafiki tu hapa. Mangi unatuandikia gazeti zima la uchungu na kesho asubuhi unafungua pakiti. Si uache kuuza?

---

MangiWaRangiTatu

@Jicho_Pembeni swali halali, nilikuwa nalisubiri.

Nikiacha leo, duka la hatua ishirini kutoka kwangu litauza zangu na zake. Na anayefuata sigara hafuati sigara tu. Ananunua na vocha, na mkate, na sabuni. Mteja akihamia kwa jirani kwa ajili ya sigara, anahamia na sukari yake. Ndiyo maana hakuna mwenye duka anayethubutu kuwa wa kwanza.

Nilichofanya, baada ya kuyaona hayo niliyoandika juu, ni kidogo. Kiberiti cha kamba nimekitoa. Mwenye sare ya shule simuuzii, na mtoto aliyetumwa namrudisha na hela yake. Wiki niliyoanza akaja baba mtu, kiuno kakishika: "Umemnyima mwanangu kwa nini, hela siyo yangu?" Nikamwambia mzee, wewe nakuuzia, yeye hapana. Akanunua huku ananung'unika, na tangu siku hiyo nyanya ananunua kwa mwingine.

Nafikiria kuwaita wenye maduka wenzangu wa mtaa huu, tuko kama saba, tukubaliane watoto wasiuziwe dirisha lolote. Tukiwa wote, hakuna atakayehamisha sukari. Nataka tuipitishie serikali ya mtaa iwe na muhuri.

---

Jicho_Pembeni

Hapo sasa nimekuelewa mkuu. Ila kama ni mtaa ule ninaoudhani, mwenyekiti wenu namfahamu. Kabla hujampelekea hiyo karatasi, muulize kwanza sigara zake za jioni huwa anamtuma nani.